Kabichi ya Mama Mkwe

Jumanne. Hapa Manundu kuliamka na manyunyu, mchana jua likachoma. Moyo wangu mwepesi, alhamdulillahi.

Niseme ukweli. Tangu kabla ya Ramadhani vidole vyangu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Kisu kinaniponyoka. Sikumwambia mtu.

Na leo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Sindeni.

Nilipoolewa, jaribio langu la kwanza kwake lilikuwa kabichi: kuikata mkononi, bila kibao, nyembamba kama uzi. Tangu hapo kila akija anataka kabichi yangu. Niliogopa ataona mke wa mwanawe amekwisha.

Basi nikatoa chini ya kitanda kile kidude cha kukatia mboga kwa kuvuta kamba, alichoniletea binti yangu Zuhura. Nikajifungia jikoni, nikavuta, nikavuta. Nilipofunua, kabichi ilikuwa chenga tupu, kama makapi ya mahindi. Nikaipika hivyo hivyo.

Mama mkwe akageuza sahani. “Mama Zuhura, hii umeikata au umeitwanga?”

“Nimekata kwa kisu, mama.”

Nikadanganya, na udhu ninao.

Adhuhuri sikujua hata rakaa ya ngapi. Nilipotoa salamu nikamfuata mama mkwe mkekani, nikamweleza yote: vidole, kidude, uongo.

 Akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. “Nilisikia krrr, krrr, nikasema huyu anawasha pikipiki jikoni!”

Akanishika mkono, akawa anabonyeza kidole kimoja kimoja. “Siku ile ya kwanza Sindeni ulijikata, ukaficha kidole kwenye kanga. Unadhani sikuona? Damu ilikuwa kwenye kabichi. Niliiosha mwenyewe, nikanyamaza.”

Miaka yote hiyo. Nami nilijua nimefaulu.

“Leo sinyamazi. Kidonda kilipona chenyewe, hii ganzi siyo ya kuficha. Kesho hospitali, twende wote.”

Nililia kidogo, sitaficha. Lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo.

Jioni alitaka kukiona kidude. Akavuta kamba, vitunguu vikasagika, akapiga kelele kama mtoto. Kwa vitunguu na karoti amekikubali. Kabichi amesema hapana, akaikata mwenyewe, mkononi, taratibu, nami nimekaa pembeni nachambua mchele kwa mkono wa kushoto.

Kidude sasa kiko juu ya meza, hakiko tena chini ya kitanda.

Ya kesho nayaogopa bado. Ila sitaenda peke yangu.