Kisanduku cha Breki Kutoka Biwi

Jumatatu, 3 Juni 1996
Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi ya pikapu ya kliniki. ABS, mtambo wa breki unaozuia magurudumu yasiteleze! Karangwa, dereva, aliniletea mimi fundi habari kwa uso wa mtu aliyefiwa. Breki zenyewe zinashika, ila wakubwa wa Lilongwe wameweka sheria: gari lenye taa ya onyo halibebi mgonjwa. Basi gari pekee la wagonjwa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka limelala uani. Na mke wangu Yasmine amebakiza wiki mbili ajifungue. Mtoto wetu wa kwanza, Djamila, alitolewa kwa kupasuliwa, kule kwetu Kindu, na daktari alionya kwamba wa pili asizaliwe mbali na hospitali kubwa. Sitaki hata kuwaza.

Fyuzi nzima. Waya wa nyuma kwenye difu, gia za ekseli ya nyuma, mzima. Nikafungua nyuma ya kabati la dashibodi — kile kisanduku kinachoendesha ABS kimeota kutu ya kijani. Maji! Karangwa akishabeba mgonjwa huosha gari kwa ndoo, ndani na nje, kama anaosha sufuria. Hasira ilinipanda.

Jumatano, 5 Juni
Lilongwe. Nesi mkuu, Mama Béatrice, alinipatia kibali cha kutoka kambini siku moja. Dukani wanasema kisanduku kipya kitaagizwa nje, miezi miwili. Miezi miwili! Nikazunguka hadi mtaa wa Biwi. Nyuma ya nyumba ya muuza vyuma iko pikapu kama yetu, ilipinduka, paa limebondeka. Kisanduku chake kikavu, safi. Ganda lilelile, plagi ileile. Namba zinafanana, ila herufi ya mwisho: chetu C, hiki F. Nilisimama nacho muda. Kisha nikakumbuka msemo wa gereji yetu Kindu: prise ikiingia, pièce ni ndugu yake, yaani plagi ikikubali, kipuri kinafaa. Kwa msemo huo tumefufua malori mangapi! Zikomo, zikomo, nikamshukuru kwa lugha yake, nikaondoka mbio kabla kibali hakijaisha.

Alhamisi, 6 Juni
Plagi imeingia bila ubishi. Nikawasha. Taa ikawaka kidogo, ikazimika. Imezimika! Karangwa alipiga honi hadi watu wakatoka majumbani. Mama Béatrice akasaini gari libebe wagonjwa tena, na ataandika barua Lilongwe niajiriwe fundi wa kliniki. Mimi, Amissi, mwenye kazi! Yasmine alicheka mpaka akashika tumbo.

Jumamosi, 8 Juni
Karangwa karudi kutoka Dowa. Anasema kwenye mteremko pedali ilimpiga mguu, gari likachelewa kusimama, nusura agonge mbuzi. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu kwamba hiyo ndiyo kazi ya ABS, pedali lazima itetemeke. Akaridhika. Mimi sikuridhika. Barabara ilikuwa kavu. Kitu cha kuzuia utelezi kinatafuta nini kwenye barabara kavu?

Jumanne, 11 Juni
Nimepata kitabu cha mafundi cha gari hili, kilikuwa kabatini ofisini. Kiingereza kitupu. Nikampelekea jirani yangu Mukundwa, mwalimu. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Ile herufi si pambo. Inaonyesha kisanduku ni cha difu gani na tairi za ukubwa gani. Hiki cha F kwenye gari letu kinahesabu mwendo vibaya. Kinadhani magurudumu ya nyuma yanateleza, kumbe hayatelezi, basi kinayaachia breki. Na taa imetulia tu, haisemi kitu.

Dawa ni rahisi: nichomoe fyuzi ya ABS. Breki zitarudi za kawaida, za kutegemewa. Lakini taa itawaka na gari litalala tena. Na barua ya Mama Béatrice imeshaondoka. Mukundwa aliniuliza kama nitasema. Nikasema ndiyo, kesho.

Jumatano, 12 Juni
Sikusema. Nimemwambia Karangwa tu aendeshe polepole. Mara tatu nimefika mlango wa kliniki, mara tatu nimegeuka. Naona aibu. Najichukia.

Ijumaa, 14 Juni
Uchungu umemshika Yasmine asubuhi hii, kabla ya siku zake kutimia. Mama Béatrice akamgusa tumbo, akasema Lilongwe, sasa hivi. Wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro. Karangwa akawasha injini — na mimi nikaiona miteremko yote ya kwenda Lilongwe, na mke wangu ndani. Nikafungua mlango, nikachomoa fyuzi mbele yao. Taa ikawaka.

Nikasema yote. Herufi, kitabu, Jumanne. Nikawaambia sasa ndipo breki ni salama, waondoke tu, Karangwa asikanyage kwa nguvu. Karangwa aliniangalia kama hanijui. Mama Béatrice hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

“Amissi, siku ile ulisema gari iko muzima, nikasaini. Leo unasema tena iko muzima, na taa inawaka. Mi nitasaini namna gani? Acha niulize bakubwa.”

Ameenda kwenye redio kuita Lilongwe. Nusu saa sasa! Namsikia dirishani akirudia jina la kliniki, na redio inakwaruza tu. Ijumaa, saa ya chakula. Nani yuko ofisini?

Nimekaa nyuma ya gari kando ya godoro. Naandika, daftari juu ya goti. Yasmine ameomba maji, nimempa. Kisha akauliza tunangoja nini. Nimemweleza yote.

“Baba Djamila, ulijua toka Jumanne. Toka Jumanne unalala pembeni yangu, unaniuliza mutoto anacheza. Na we, ulikuwa unangoja nini?”

Uchungu umemshika tena, amenikamata mkono wa kushoto, anaubana. Mama Béatrice bado anaita. Karangwa amezima injini.