Amina ya Bathsheba

Ndhiwa Sokoni,
Homa Bay.
3 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Orina,

Pokea salamu za nyumba nzima. U mzima? Joto la Lodwar limekubakishia nyama mwilini, au Desemba tutapokea mifupa iliyovaa kofia? Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika kama kawaida yake, na Mama akimaliza ugali wake wa wimbi lazima aulize kama wewe umekula.

Ulishasikia kwamba hema la makambi ya kanisa liliungua na kwamba hakuna aliyekufa. Lakini simu hukatika kabla mtu hajafika penye aibu yake, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Alhamisi ile uliponipigia umekasirika. Mama alikuwa amemshtaki mkeo kwako, kwamba Bathsheba amemtoa kiti cha mbele karibu na mimbari, anakokaa miaka yote, akamweka pembeni penye upenyo wa hema. Ukaniambia, "Wewe ndiye mkubwa hapo, ongea na yeye awache kusumbua wazee." Nikakubali upesi, maana hata mimi alikuwa amenichosha.

Kweli alituchosha. Tangu afanye kazi ya usafi katika ukumbi mmoja kule Migori, ambako walifundishwa habari za moto, shemeji haoni mkutano, anaona milango. Tulipomfanya shemasi wa makambi alileta ndoo kumi za mchanga. Magodoro tunayorundika kwenye upenyo wa nyuma kwa kuogopa wezi, akayahamisha. Mzee Mosoti, mwenyekiti wetu, alikuwa ameagiza mapazia ya hema yafungwe chini kwa kamba, mbuzi wasiingie na vijana wasitoroke kabla ya sadaka. Bathsheba akapita alfajiri, akafungua mafundo yote na kufunga lile fundo la wauza ng'ombe wa Ogwedhi, linaloachia ukivuta mara moja. Jumatano akatusimamisha watu mia nne tufanye zoezi la kutoka, mstari kwa mstari. Tulicheka hadi machozi. Mimi nilimwita Musa wa Ndhiwa.

Basi asubuhi ya Sabato ya mwisho nilibeba kiti cha Mama kwa mikono yangu, nikakirudisha mbele. Mama akakaa akitabasamu. Wimbo wa pili haujaisha, shemeji akaja, akamnong'oneza, akamshika mkono na kumrudisha pembeni. Kiti kikabaki kitupu. Nilimfuata nikamfokea. Alinijibu tu, "Shemeji, Mama hawezi kukimbia. Wewe kasirika, ni sawa."

Moto ulianza wakati wa ombi la kufunga. Nyaya za spika za kwaya zilikuwa zimeunganishwa kwa selotepu chini ya vitambaa vya mapambo ya mimbari. Nawe unatujua: macho tumefumba, vichwa chini, na mchungaji yule ombi lake halina haraka. Nilisikia harufu ya kuungua, Orina. Nikasema moyoni ni Filister anapasha maharagwe jikoni. Wenzangu wengi wamekiri kwamba nao waliinusa. Hakuna aliyefumbua jicho, maana nani akatize ombi?

Ndipo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka pembeni: "Amina!"

Watu mia nne tukaitikia "Amina" kwa mazoea, tukafumbua macho na kusimama. Mchungaji alikuwa bado anawaombea wasafiri. "Mbele kuna moto," Bathsheba akasema. "Tokeni vile tulifanya Jumatano. Hakuna kukimbia, shika mkono wa mwenzako." Akavuta kamba, pazia likaachia.

Tukatoka mstari kwa mstari. Mama alikuwa miongoni mwa watu kumi wa kwanza. Mzee Mosoti aliungua mkono kidogo akimwaga mchanga, na sasa kila mgeni lazima aonyeshwe bandeji. Upande wa mbele wa hema uliteketea kabla hatujamaliza kuhesabiana.

Moto ulipopoa niliingia kutazama. Kile kiti cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka na kugandana na nyasi. Nilikaa chini nikalia, mzee mzima. Wewe kwa simu na mimi kwa mikono, ndugu yangu, hapo ndipo tulipomkalisha mama yetu.

Nimemwomba shemeji msamaha mbele ya kamati. Nimengoja siku kumi aseme "niliwaambia", na hajasema. Kendu Bay wamemwita akawakagulie hema lao, nami nitambebea ndoo. Namheshimu mno. Ulipomwoa tulidhani umepata mpishi mzuri, basi, kumbe tulikuwa vipofu. Mama hamsifu mtu kwa mdomo, lakini siku hizi kikombe cha kwanza cha chai humpelekea Bathsheba mwenyewe, akijikokota na mkongojo wake.

Wasalimie Mirumbe na jirani yako Osman. Omosa na dada yetu Gisiri wanakusalimu sana. Mungu aliyetutoa sote salama akufunike na wewe huko uliko.

Sasa mpigie mkeo. Usimweleze kwamba ulikuwa na hasira, wala kwamba Mama ndiye aliyeanza. Sema samahani kwanza, ndipo umsalimie.

Ndimi akupendaye siku zote,
kaka yako,
Onyancha