Pembe Haichezwi

Bibi mpenzi, shikamoo. Natumai kifua chako kimepoa.

Huku ughaibuni, Merrylands, mvua haikatiki na mipaka bado imefungwa. Mama akipika hulia, kwa sababu hatukuja kumzika Babu.

Leo shuleni nimepewa pembe kuukuu ya okestra, ya enzi vali, vile vitufe vya kubonyeza ili kubadili noti, zilipokuwa kitu kipya. Ina vali mbili tu. Noti nyingine unazirekebisha kwa kuingiza mkono kwenye mdomo wake mpana. Lakini kwa ajili ya korona tumekatazwa kupuliza, basi darasa zima tunabonyeza vali kimya kimya, tak, tak.

Unakumbuka nilipomwambia Babu kwenye simu, "Nacheza pembe"? Alicheka mpaka akakohoa. "Pembe haichezwi, mke wangu, hupulizwa. Ushakuwa Mzungu wewe." Niliona haya, nikampa Mama simu.

Ukienda kaburini, mwambie sasa naicheza kweli. Mkono wangu umo ndani ya pembe, unahisi baridi ya shaba, na hakuna sauti inayotoka.

Nakubusu mikono, Bibi. Jifunike vizuri.

Mke mwenzio,
Zuhura