Karatasi Ndani ya Bobini

Liège, 12 Machi 1961

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe pamoja na Mama Clotilde. Je, mgongo wako umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo tu ndio hautulii.

Uliniuliza ni kazi gani hii ninayoifanya Ubelgiji. Niruhusu nieleze kwa utaratibu. Jua linawaka kwa sababu viini vya hidrojeni ndani yake vinaungana. Sisi twataka kuuwasha moto huo hapa duniani, utupatie umeme. Lakini gesi ikipashwa moto kiasi hicho hugeuka kitu kiitwacho plazma, ambacho hakuna chungu wala chuma kinachoweza kukibeba. Kwa hiyo twakizingira kwa nguvu ya sumaku: bomba la kioo lenye umbo la pete limezungushiwa bobini kumi na sita za waya wa shaba, na plazma yapaswa kuelea katikati pasipo kugusa ukuta.

Yangu inagusa. Kila mara mahali palepale, karibu na bobini ya saba, na kuacha doa jeusi kwenye kioo. Nimebadili gesi, nimebadili mgandamizo, nimepima upya kila kinachopimika. Nafasi ya msaidizi wa maabara ni moja, nasi tunaoitaka ni wawili: mimi na Mbelgiji mmoja anayenisalimu kana kwamba nimekwisha kushindwa. Profesa ataamua mwezi wa Oktoba.

Mwanao,
Edouard


Élisabethville, 9 Aprili 1961

Mutoto wangu Edouard,

Jambo sana. Tuko bazima bote. Mugongo uko unauma kidogo, lakini njo kazi. Mama yako anauliza kama uko unakula muzuri, ama unakula tu vile vitu vya baridi.

Barua yako nimesoma mara tatu. Mambo ya jua sijue. Lakini unasema inaunguza fasi moja tu. Mi niko nasuka waya za mota miaka makumi mbili na mbili: mota ikiungua kila siku fasi ileile, kosa haiko mu moto, iko mu waya. Gesi unaipima ya nini? Angalia fasi waya ya umeme inaingilia na fasi inatokea.

Unakumbuka mukubwa wetu wa atelier, fasi tunatengenezea mota, ule muzungu wa saa ya zahabu? Saa yake ilikuwa inasimama kila akipita fasi banasafisha shaba na umeme. Akasema bantu beusi banamuroga! Kumbe kabule, ile waya munene ya umeme, ya kwenda ilipita huku, ya kurudia ilipita kule, na katikati yao ikawa bobini moja kubwa yenye hakuna muntu aliisuka. Nikazifunga pamoja, mugongo ku mugongo. Nguvu zao za sumaku zikauana. Saa ikatembea. Yeye njo akasaini fishi ya kazi, ile karatasi inasema nani alitengeneza.

Baba yako,
Alphonse


Liège, 17 Juni 1961

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta katika afya njema. Yangu ni bora kuliko wakati wowote, maana nina habari.

Waya ziliingia kulia mwa bobini ya saba na kutokea kushoto. Nilizifungua, nikazifunga pamoja. Ilielea, Baba! Plazma ilidumu mara tano zaidi ya siku zote, na kioo kikabaki safi. Profesa aliinama akakitazama kioo hicho muda mrefu, kisha akauliza: «Wazo hili umelitoa wapi?» Nikajibu kwamba nilifikia hitimisho hilo kwa kuchunguza dalili. Yule Mbelgiji alinipa mkono, ingawa mkono wenyewe ulikuwa baridi.

Naambatanisha ripoti ya kurasa nne, ambamo nimeieleza njia yangu kikamilifu. Utaliona jina la ukoo wetu limepigwa chapa: E. Tshibangu.

Mwanao,
Edouard


Élisabethville, 6 Agosti 1961

Mutoto wangu,

Jambo sana. Afya iko. Ripoti imefika, na mama yako ameionyesha ku banamuke bote ba avenue.

Kifaransa cha bapurofesa sikijue muzuri, lakini nilisoma kurasa zote ine, mupaka kule chini fasi banaandika majina na herufi kadogo. Mama yako akauliza: «Unatafuta nini, wewe?» Nikasema: «Miwani.» Akacheka, maana ilikuwa ku pua.

Nikuambie kitu yenye sikukuambia bado. Ku atelier, muzungu njo anasainiaka fishi. Sasa siye basukaji, mbele ya kupakaa vernis, ile rangi ya kufunika waya, kila muntu anaandika jina yake ku kakaratasi, anakaingiza chini ya kitambaa ya mwisho ya bobini. Bakubwa habajue. Siku mota itaungua tena, mwenye kuifungua atasoma: A. Tshibangu, 1947. Mimi nilisoma vile majina ya benzangu bengi benye balikufa.

Hapa mambo iko mubaya. Siye bantu ba Kasai, bantu ba hapa banasema turudie kwetu. Kwetu njo wapi? Nilifika hapa mutoto wa miaka tisa. Banaandika alama ku milango. Jirani Mwaba, mwenye si wa kwetu, alikuja kuniambia: «Muzee, juma hii usibakie ku nyumba.» Wewe usirudie. Fanya kazi yako.

Baba yako,
Alphonse


Liège, 20 Oktoba 1961

Baba,

Sijui nianzie wapi kukusalimu, kwa kuwa sijui uko wapi. Barua zangu mbili zimerudi zikiwa na muhuri kwamba hujulikani ulipo. Redio inataja mapigano, inataja makumi ya maelfu ya watu wa Kasai waliokimbia nyumba zao, kisha inapiga muziki. Siwezi kukaa kitini. Hii naituma kwa misioni ya Kipushi. Huenda kuna anayekufahamu.

Nilijua ulichokuwa ukitafuta katika zile herufi ndogo. Nilijua siku ileile niliposoma barua yako.

Nilikwenda kwa Profesa kumweleza ukweli. Akasema: «Ripoti imekwisha kusambazwa. Ukisema wazo si lako, mimi nitawaambia nini wenzangu?» Nikajibu: «Waambie ni la Alphonse Tshibangu, fundi wa kusuka mota, Élisabethville.» Nafasi amepewa Mbelgiji. Mimi nimeruhusiwa kubaki hadi Desemba tu.

Jana niliifungua bobini ya saba na kuisuka upya. Chini ya kitambaa cha mwisho kuna karatasi yenye jina lako. Nijibu, Baba, hata kwa neno moja.

Mwanao,
Edouard


Kambi ya ONU, 2 Novemba 1961

Mutoto wangu Edouard,

Jambo. Tuko bazima, mimi na mama yako. Tunakaa inje ya muji, mu kambi ya ONU, ba Umoja wa Mataifa, mu kanyumba ya magunia. Tangu ile ya ripoti, hakuna barua yako hata moja ilinifikia. Hii anaipeleka shoda moja, askari wa ONU anayerudia kwao.

Mota ya pompo ya maji iliungua. Bantu bengi sana, na maji hakuna. Banaita: nani anajua kusuka? Nikasuka siku tatu, na waya ya kutoa mu mota zingine zilizokufa. Nilipomaliza, yule shoda akatoa fishi akaniuliza jina. Miaka makumi mbili na mbili hakuna muntu aliniuliza. Nikamwambia, akaandika, nikasaini mwenyewe.

Kakaratasi nako nimeweka, kwa desturi. Nimeandika majina mbili: A. Tshibangu, E. Tshibangu. Mikono ilikuwa yangu, lakini kazi yote nilikuwa nazungumuza na wewe. Usikasirike kama sikukuomba ruhusa.

Maji iko inatoka.

Baba yako,
Alphonse