Mgomba wa Mlangoni

Tata, baba yangu mpendwa,

Asubuhi hii ukungu umeshukia tena migomba hapa Nyanga, nami nimekaa mlangoni, kimya, na punje ya kahawa mdomoni, kama ulivyokuwa ukikaa kule Muleba. Nimekukumbuka mpaka nimesahau kufagia.

Yalianza siku ulipokata mkungu wa embile, ndizi za pombe, ukamletea Mama apike. Mhaya mzima, tena kwenye kibanja chako mwenyewe! Mama aliona, lakini hakutaka kukuaibisha, akazipika hivyo hivyo. Tukala ukakasi ule. Wewe ulitafuna tonge moja ukashika kichwa. "Mke wangu, kichwa kinanitoroka." Nilitaka kucheka, nikaona macho yako, nikaogopa.

Kesho yake ukajipangia dawa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukaiacha. Ukaanza kulala mapema, na kila alfajiri ukakaa mlangoni na punje yako, husemi na mtu mpaka ilainike. Hata bwana shamba wa Mwingereza alipokuja kukagua mibuni ulimwacha uani na kofia yake mkononi. "Angoje kwanza," ulinong'ona, "sijaamka kichwani."

Kisha kila asubuhi tulizunguka kibanja pekupeku kwenye umande, wewe mbele, mimi nyuma na kibao changu cha shule, ukitaja kila shina. "Huu alinipa shemeji wa Ngenge. Huu niliupanda mwaka wa nzige." Wa mwisho ulikuwa wa mlangoni, palipozikwa kitovu changu, na hapo ulitaja jina langu kwa sauti kubwa kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Ukikwama popote, nami nikifungua mdomo, ulinikatiza: "Usinisaidie, mwanangu. Nitakutegemea wewe, kichwa kilale."

Dawa yako ilikupa miaka, Tata. Nina hakika. Lakini migomba iliendelea kukupotea kichwani, mmoja mmoja, na mimi niliihesabu iliyobaki.

Mpaka asubuhi ile uliposimama mlangoni kwa muda mrefu sana. Umande ulikuwa unadondoka. Jina langu lilikuwa mdomoni mwangu, nikaliuma, kwa kuwa ulinikataza. Ukaweka kiganja kwenye shina.

"Huu ni wa mtoto mmoja," ulisema. "Nampenda sana."

Ukaingia ndani kunywa uji.

Nilikutii, na utii ule unaniuma hadi leo. Ungenifokea, sawa, lakini ungelisikia jina langu.

Sasa nazunguka kibanja changu kila alfajiri, polepole, nikitaja. Mlangoni pangu nimepanda chipukizi la mgomba ule. Nikifika hapo nasimama kama ulivyosimama, na leo nimeona nisikunyime tena jina nililoliuma.

Pumzika, Tata. Ni mimi, mtoto yule mmoja,

binti yako,
Kokugonza