Nyama ya Neculai Haijaliwa

Tecuci,
Alhamisi, 6 Novemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Domnica,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa tangu uache kumnyanyua Bwana Ettore peke yako. Vipi huyo mzee unayemtunza, bado anatema dawa ukimpa kisogo? Huko Padova kwa Waitalia baridi imeanza? Hapa ukungu umetukalia wiki nzima, na lifti imekufa tena, kwa hiyo habari zote za jengo hili magoti yangu ndiyo yanazijua. Mwili wangu ni mzima. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Arobaini ya mama tuliifanya Jumamosi. Uliponipigia kesho yake nilitaka kukueleza ilivyokwenda, badala yake nikakukatia simu. Nadhani unajua kwa nini. Nitafika huko, vumilia kidogo.

Kwanza ujue mama aliacha neno gani. Wiki yake ya mwisho hakuuliza habari za padri wala za daktari. Alisema, "Sadaka yangu apike mwanangu Neculai. Hao wengine wakimpikia maiti wanabana nyama, wanajaza wali." Tukacheka wote, na yeye akacheka. Halafu akanishika mkono akarudia maneno yale yale, safari hii bila kucheka. Unajua alivyoamini, na mimi naamini hivyo hivyo: kinacholiwa hapa kwa jina lake ndicho kinachomfikia kule alipo. Kisicholiwa hakimfikii.

Sasa ya duka, maana wewe umeyasikia vipande vipande.

Kaka yako alipochukua tawi la Cocoșul Galben, ile kampuni ya kuku wa kukaanga, siku za mishahara foleni ilikuwa inafika kwenye duka la dawa. Mwaka huu majira ya kuchipua yalipoanza, na maneno nayo yakachipua. Eti kuku wa kampuni ile hawana vichwa. Eti wana mabawa sita, wamelazwa ghalani gizani, wanalishwa kwa mrija. Nani kawaona? Shemeji wa mtu. Kila unayemuuliza, aliyeona ni shemeji wa mwenzake kazini, na huyo shemeji hana jina wala hana mtaa. Halafu pakatokea nesi asiyejulikana wa hospitali gani, aliyemtoa mtoto jino la panya kooni. Watu walisimulia hayo huku wanakula, mwanzoni. Baadaye wakasimulia bila kula.

Kampuni ikang'oa bango lake lenye picha ya jogoo ikaenda zake na jogoo wake. Utadhani Neculai alilia? Alifurahi! Akaandika juu ya mlango "Kwa Neculai", akaleta mashine ya shawarma, akasema uvumi ulikuwa wa jogoo na jogoo kaondoka. Maskini kaka yetu. Uvumi ulibaki, ila sasa ukawa na jina la mtu na sura yake.

Unamkumbuka Grivei, mbwa wa jengo letu. Mei mama alimpeleka kijijini akalinde kuku wake. Kufika Juni, mji mzima ulikuwa unajua kwamba Grivei yuko ndani ya shawarma.

"Shoga, mimi sijasema kitu," akaniambia Tudosia wa ghorofa ya pili, yule aliyekuwa akikusuka nywele ukiwa mdogo. "Nasema tu nilichosikia. Haya, mbwa yuko wapi?"

"Yuko kijijini na mama."

"Sawa, dada. Ni ndugu yako, lazima umtetee."

Neculai na kichwa chake kigumu akapanda basi, akarudi na Grivei kwenye kamba, akamtembeza kutoka stesheni hadi sokoni kama bwana harusi. Wale walevi wa kibanda cha bia wakamwita, "Neculai! Huyo wa leo au wa kesho?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akamleta hadi kwenye benchi la mbele ya jengo letu. Tudosia akamwangalia mbwa kwa makini, akasema, "Huyu siye. Grivei alikuwa na sikio jeupe." Na wakati anasema hivyo, Grivei alikuwa anamlamba mkono! Mama alikuwa amekuja naye, akamnyanyulia Tudosia fimbo. Siku ile nilicheka hadi mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tena.

Wakaguzi wa afya nao walikuja, wakakuta jiko safi, wakampa karatasi. Akaitundika mlangoni. Unajua watu walisema nini? Angekuwa msafi, angetundika karatasi ya nini? Agosti akafunga duka. Septemba tukamzika mama.

Kwa sadaka alianza kupika Alhamisi. Kabichi za kufungia nyama, mbavu za nguruwe, mikate ya kusokota, kila kitu kama mama alivyotaka, na nyama haikubanwa. Tulinunua mabakuli ya udongo yenye maua ya bluu, kila mgeni aende na lake nyumbani, kila bakuli na taulo lake na mshumaa wake. Nilikuwa na hofu kwamba hatakuja mtu.

Walikuja, Domnica. Hicho ndicho kilichotudanganya. Chakula cha marehemu hakikataliwi, hata wewe huko ugenini hujasahau. Kila mtu alipokea kwa mikono miwili akasema Mungu amrehemu. Nilimwona Neculai mgongo unanyooka. Akaanza hata kuwapa maelekezo.

"Bibi Tudosia, upashe kwa moto mdogo, usije ukaunguza."

"Nitafanya hivyo, mwanangu. Mungu akubariki mikono hiyo."

Jioni nikashuka kutupa takataka. Mabakuli yalikuwa kule, kando ya mapipa. Mengine yamemwagwa, mengine hata taulo halijafunguliwa, mshumaa umesimama vile vile. Nikaanza kuyaokota haraka haraka nimwahi Neculai asione, lakini alikuwa ameshashuka nyuma yangu na ndoo ya pili. Mbwa walikuwa wanakula, Grivei katikati yao. Neculai akawatazama, akasema, "Angalau hawa hawaulizi ni nyama ya nani." Nikadhani anatania. Kisha akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama hajala, Saveta."

Basi Jumapili ukapiga simu. Ulisalimia, ukalia kidogo, halafu kwa sauti ya chini ukaniuliza kama katika maneno yale kuna ukweli wowote. Najua umeyapata kwa wanawake wa Tecuci unaokutana nao bustanini. Nilikata kwa sababu nilikuwa na neno mdomoni ambalo likishatoka halirudi. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Wewe! Uliyelelewa na sufuria ya Neculai mama akiwa kiwandani!

Jumatatu nilifanya jambo. Nilimwambia kaka yako kwamba ulipiga simu kuomba nyama yake, ile anayoikaanga na kuizamisha kwenye mafuta yake, ili umtolee mama sadaka huko. Ni uongo mtupu na siujutii.

"Domnica ameomba?"

"Ameomba."

"Ya kwangu mimi?"

"Amesema isiwe ya mtu mwingine."

Akaenda kunyoa ndevu. Kisha akaenda sokoni, akawasha jiko, na nyumba ikanuka vitunguu saumu kama zamani. Nilisimama koridoni nikalia kimya kimya, kwa furaha au kwa uchungu, hata sijui.

Kwa hiyo pamoja na barua hii Ghiță, dereva wa basi la Italia, atakukabidhi boksi la chupa za nyama hiyo. Aliponiuliza kuna nini nikamwambia jamu ya plamu. Ningemwambia ukweli angelishusha njiani. Washa mshumaa, mpe Bwana Ettore, wape wale wanawake wa Ukraine unaonisimulia, mpe yeyote asiye wa Tecuci, na usimwache mpaka amalize. Ufanye kabla mfungo haujaanza wiki ijayo. Baada ya hapo itabidi nyama ingoje hadi Krismasi, na mama amengoja vya kutosha.

Lakini wa kwanza kula uwe wewe. Hilo ndilo ninaloliomba, mengine ni nyongeza.

Nisalimie Bwana Ettore, mwambie ameze dawa zake. Nisalimie na Ruxandra wa Bacău unayelala naye chumba kimoja. Huku Neculai anakusalimu sana, na Grivei pia, ambaye kwa taarifa yako masikio yake yote mawili ni meusi tangu azaliwe. Mungu akutunzie mikono hiyo inayotulisha, na akurudishe nyumbani kwa njia salama.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata akiwa na hasira,

Saveta

Nyongeza: Neculai anasema safari hii ameweka kitu kimoja ambacho hajawahi kukiweka. Mimi nakijua lakini amenikataza kukitaja. Anataka ukitambue mwenyewe kwa ulimi. Jumapili atakaa karibu na simu kukuuliza ni nini, na amechangamka kama mtoto. Sitakusaidia kumjibu.