Jivu la Mama Wakuru na Jina Nililoliondoa

Musoma, Jumatano, saa kumi na moja jioni.

Wingu limetanda upande wa ziwani na upepo unapiga bati la chumba changu kama mtu anayetaka kuingia. Mvua haijaamua. Mama mwenye nyumba ameniletea ugali na samaki, ngege wa kuchoma, nikamwambia nitakula baadaye. Sahani iko juu ya kigoda, nimeifunika kwa gazeti.

Naandika kwa sababu nikishika kalamu sitoki nje.

Nimeondoa jina la mtu kwenye orodha, na nilikuwa najua.

Nianze mwanzo, maana nikiruka hapa na pale nitajitetea. Jumamosi hii kuna mashindano ya shule kule Bunda, kwenye kiwanja cha sekondari niliyosoma mimi. Miaka yote zawadi zilikuwa za wanafunzi waliokimbia na kuruka. Safari hii ofisi yetu ya elimu imeona wakumbukwe pia watu wazima walioibeba michezo ya shule kwa miaka mingi. Ni watu sita. Kila mmoja atapewa cheti chenye muhuri na blanketi, na mgeni rasmi atamshika mkono mbele ya umati. Shule ilileta majina, na mimi, karani, nikaandika barua za kuwaalika.

Jina la nne lilikuwa la Mama Wakuru.

Sikuhitaji maelezo ya mwalimu mkuu kumjua. Shule yetu haikuwa na chokaa ya kuchorea mistari ya kiwanja. Mama Wakuru hakuwa na mtoto pale, nyumba yake ilikuwa tu njiani, na ndiye aliyeanza kuleta jivu. Alipita nyumba kwa nyumba na kikapu akiomba jivu la mafiga. Kwetu hilo si jambo dogo. Bibi yangu aliamini kwamba ukitoa jivu la jiko lako umetoa na baraka ya nyumba, na siku ya kwanza alimfukuza Mama Wakuru uani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wiki iliyofuata mama huyo alirudi. Alikaa, akasaidia kupukuchua mahindi, akaomba tena. Bibi akampa nusu kikapu, huku akinung'unika.

Alikuwa na kibuyu kilichotobolewa chini. Alikijaza jivu lililochekechwa, akaziba tundu kwa kidole gumba, akainama, kisha akafuata kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi akiachia jivu kidogo kidogo. Mistari yake ilinyooka kuliko ya daftari langu. Mwaka mmoja mvua ilinyesha asubuhi ya mashindano na kufuta kila kitu. Kabla wageni hawajafika, alikuwa ameshaichora upya, gauni limemlowa hadi magotini.

Siku ile nilikimbia mita mia nane, miguu mitupu. Nilianguka kwenye kona ya mwisho. Nilipoinua uso niliona mstari mweupe mbele ya pua yangu, nikaamka nikaufuata. Nilikuwa wa pili. Cheti cha siku ile ndicho nilichoonyesha hapa ofisini nilipoomba kazi, maana kilisema nina nidhamu na bidii.

Sasa kosa.

Faili la shule lilionyesha makazi yake ya zamani. Mimi najua yale makazi, kwa sababu kwetu ni ng'ambo ya kijito, na tulihamishwa wiki moja na yeye wakati wa Operesheni ya kuwapeleka watu vijiji vipya. Nilikuwa likizo. Nilibeba mlango wa nyumba ya mama yangu kichwani. Najua kwamba pale hakuna mtu, kuna mkonge na kuta zilizobaki. Yeye alipelekwa kijiji kipya upande wa Kiabakari.

Lakini ili niandike jina la kijiji hicho ilinibidi nimuulize Ndugu Masatu, afisa wetu, kwa sababu orodha ya vijiji vipya iko kabatini kwake. Nikaogopa. Karani aliyekuwa kwenye kiti changu alisimama mkutanoni akauliza kwa nini madawati hayajafika kwenye kijiji fulani kipya. Hakuuliza kwa ubaya. Mwezi uliofuata alipewa uhamisho wa mbali sana, na kikombe chake bado kinaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nilijiambia kwamba nikiuliza habari za waliohamishwa, nitaonekana nalalamika.

Ndugu Masatu si mkali. Hapendi tu maswali. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Kijana, wewe andika kilicho kwenye faili. Basi."

Nikaandika kilicho kwenye faili.

Mzee Chacha, tarishi wetu, alipokuja kuchukua barua aliitazama bahasha ya Mama Wakuru, akaigeuza, akaitazama tena.

"Karani, kule kuna mtu bado?"

"Faili linasema yuko kule, Mzee."

Aliitia kwenye mfuko wake wa turubai, akapanda baiskeli kwenda posta.

Waraka ulisema asiyejibu mpaka Ijumaa iliyopita nafasi yake ipewe mwingine. Watano walijibu. Ijumaa mchana Ndugu Masatu aliniambia nafasi ya nne ijazwe na mwenyekiti mmoja wa tawi la chama, aliyewahi kuipa shule mpira. Naukumbuka mpira ule. Ulipasuka siku ya pili na tukaendelea kuucheza ukiwa umejazwa matambara. Nilikata stensili ya orodha mpya, nikapiga nakala, nikazipeleka kila ofisi inayohusika. Nilipofika namba nne vidole havikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa nawaza wino usivuje.

Labda ningeendelea hivyo. Sijui. Naogopa kusema ningebadilika mwenyewe.

Jana nilitumwa Bunda kuhakikisha habari za viti na kamba za kuzuia watu. Wakati wa kurudi basi lilisimama Kiabakari, watu wakashuka kununua karanga. Upande wa pili wa barabara lilikuwa limesimama basi la kwenda Bunda, na utingo alikuwa anabishana na mwanamke mmoja juu ya gunia.

"Mama, jivu nalo linasafiri? Bunda hawapiki?"

"Wanapika, ila wavivu wa kuchekecha. Pandisha mwanangu, halina miguu."

"Likipasuka juu ya mizigo ya watu je?"

"Basi wataingia Bunda wote wazee, nywele nyeupe. Wataamkiwa njia nzima."

Watu wakacheka, utingo akacheka, gunia likapanda. Nilitaka kurudi ndani ya basi letu. Alikuwa ameshaniona.

"Wewe! Si mtoto wa Nyangeta wewe? Yule aliyekuwaga anaangukaga kwenye kona?"

"Nilianguka mara moja tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mara moja, lakini mbele ya wageni!" Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kucha zake zilikuwa na kijivu kile kile. Akatazama shati langu na kalamu mfukoni. "Umekuwa karani. Mama yako Nyangeta analala usingizi sasa."

Aliniambia kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya pili, kwa sababu kijiji kipya ni kikubwa na jivu ni jingi, ila kiwanja kimekuwa mbali. Akina mama wa kule walimkatalia mwanzoni, kama bibi yangu. Sasa wanamwekea kila mmoja kwenye debe lake. Ijumaa atachora mistari. Kisha akauliza, bila uzito wowote, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Nasikia Jumamosi kuna kutunzwa watu. Watatunzwa akina nani?"

Nikamjibu, "Majina bado hayajatoka, mama."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nakala zilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwapani.

"Wawakumbuke wale walimu wa zamani," akasema. "Walitesekaga na nyie."

Basi lao likapiga honi. Akapanda huku akimwambia utingo asikalie gunia.

Njia nzima kutoka Kiabakari hadi Musoma nilitazama dirishani na sikuona kitu. Nilikuwa naiona Jumamosi tu. Mistari yake itakuwa imenyooka. Mgeni rasmi ataikanyaga akienda mezani. Wataitwa mmoja mmoja, mwenyekiti atashika blanketi lake, na Mama Wakuru atakuwa nyuma ya kamba niliyoipanga mimi, akipiga makofi. Atapiga kweli, namjua. Na kuna siku mwalimu mkuu atamwambia: mbona hukujibu barua, mama?

Atasema, barua gani?

Leo asubuhi Mzee Chacha aliweka bahasha juu ya taipureta yangu. Imerudi. Nyuma yake mtu wa posta ameandika kwa penseli kwamba mahali hapo hapana watu.

"Mimi nilipitaga pale," Mzee Chacha akasema. "Siku hizi ni nyumba ya ngedere. Ngedere hawajui kusoma, Karani."

Hakucheka. Nadhani alikuwa ananingoja siku zote hizi, aone nitafanya nini. Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia siku ile. Akanijibu kwamba yeye ni tarishi, hafungui bahasha, na mimi ndiye niliyesoma.

Ndugu Masatu yuko Butiama kwenye kikao tangu jana, atarudi ofisini kesho asubuhi. Nilifurahi kusikia hayupo. Nikaona aibu kwa kufurahi.

Mchana wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nilianza barua mara nne. Ya kwanza ilisema barua ilipotea njiani. Ya pili ilisema faili lilikuwa la zamani, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana lilikuwa jepesi kuliandika. Ya tatu ilikuwa ndefu na ilinitaja mara chache sana. Zote tatu nilizichana.

Ya nne ni fupi. Inasema kwamba Mama Wakuru hakukataa mwaliko, hakuupata. Kwamba nilijua makazi yale yamehamwa, nikanyamaza kwa woga, na kosa ni langu peke yangu. Inasema yuko kijiji gani sasa, kama alivyonitajia mwenyewe pale Kiabakari. Inaomba aongezwe awe wa saba. Sikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba mwenyekiti atolewe, na blanketi ni sita. Nimeandika kwamba kama la saba halipatikani, apewe cheti na mkono. Cheti nimeshakipiga taipu. Kinangoja sahihi na muhuri.

Niliweka barua katikati ya meza ya Ndugu Masatu, juu yake cheti, juu ya cheti ile bahasha iliyorudi, na juu ya yote jiwe lake la kuzuia karatasi. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Mimi ndiye ninayefungua ofisi kila asubuhi, saa moja na nusu, kabla yake.

Hapo ndipo hofu iliponirudia yote kwa mkupuo.

Maana ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilifika kwenye kona ya soko nikarudi. Nikasimama mlangoni, nikaondoka. Nikafika tena sokoni, nikarudi tena, na mara hii niliuingiza ufunguo kwenye kitasa. Nilimfikiria mama yangu, ambaye anasubiri nimalize majaribio ili nimchukue mdogo wangu akasome. Nikakifikiria kile kikombe kwenye msumari. Nilijiambia: naitoa leo, nairekebisha maneno, naiweka kesho. Najijua. Kesho ningeirekebisha tena.

Mzee Chacha alikuwa barazani anaziba pancha ya baiskeli. Nilichomoa ufunguo nikampa.

"Kesho fungua wewe, Mzee."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Alinitazama, akautazama mlango, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuupokea. "Basi umefanya jambo," akasema. "Na ukija kunibembeleza saa hizi, nikupe?"

"Usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia, Mzee."

Akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Sasa mvua imeanza, matone machache makubwa. Nawaza kama Ijumaa itanyesha Bunda, na kama jivu la magunia mawili litatosha kuchora mara mbili. Nimeamua jambo moja ambalo halimtegemei Ndugu Masatu. Asipokubali, au akinifukuza, Ijumaa nitapanda basi, nimshikie Mama Wakuru ncha ya kamba, na nimwambie kwa kinywa changu kwamba jina lake lilikuwamo na ni nani aliyelitoa. Atanicheka, au atanyamaza. Akinyamaza itakuwa mbaya zaidi.

Ngege amepoa, nitamla hivyo hivyo.

Asubuhi sitatangulia mtu. Nitafika mikono mitupu, nisimame barazani pamoja na watu wenye shida zao, nisubiri kufunguliwa.